Kofia, Kibanda na Moyo

Nilipanda Newala mwezi wa saba kwa fildi ya ualimu nikiwa na sketi nne, viatu vya mchuchumio vilivyotokana na bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, na feni ndogo ya mezani. Sweta sikuwa nayo. Chuoni Dar es Salaam tulishakubaliana kwamba Kusini ni joto, na hakuna aliyekumbuka kwamba Newala imekaa juu ya Uwanda wa Makonde, mahali ambapo upepo wa usiku unapanda kutoka bonde la Ruvuma na kuingia ndani bila hodi. Mama mwenye nyumba aliitazama feni yangu kwa huruma, akaniuliza, "Hiyo, mwanangu, ni ya kukaushia nguo?"

Asubuhi yake nikanawa uso, nikayamwaga yale maji uani kama tunavyofanya kwetu. Nyumba nzima ikanyamaza. Juu ya uwanda hakuna mto. Maji ya bomba yanasukumwa kwa mashine kutoka visima vya bondeni, na siku yasiposukumwa yanakuja kwa dumu, na dumu linakuja na bei yake. Yale niliyoyamwaga yalikuwa yanasubiriwa na masufuria, na baada ya masufuria na mbuzi. Nilikwenda kuripoti shuleni nikiwa na deni la mbuzi.

Nilipangiwa kufundisha Kiingereza kidato cha pili na cha tatu. Katika ofisi ya walimu nikapewa kiti chenye miguu mitatu na nusu, na mwalimu mmoja mkongwe, ambaye hadi naondoka alikuwa ananiita "mwalimu wa fildi", akanionya: "Kiingereza cha ovyo usikilete ukanda huu, mwanangu. Huku katoka Mkapa." Kweli. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, akasomea Kiingereza Makerere, akahitimu mwaka 1962, na baadaye akawa Rais wa tatu. Nikaona hapo nimepata utangulizi wa somo. Nikaingia darasani nimejaa hamasa, nikawaambia mtoto wa huku huku alianza na Kiingereza akafika Ikulu. Kimya. Kisha sauti ikatoka kona ya dirishani: "Huyo wa Masasi, madam. Huko chini."

Sasa imla. Watoto wa shule ile walikuwa wamesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu wakafika kidato cha kwanza wakaambiwa hesabu, historia na viumbe hai vyote vimehamia Kiingereza. Kwa hiyo nilijiona mkombozi. Nikatunga sentensi yangu mwenyewe kuhusu mzee ambaye moyo wake uliumia alipokuta kofia yake imeibwa kibandani. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ina maneno manne ya hatari: "heart", "hurt", "hat" na "hut". Nikaisoma polepole mara tatu, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

Nilivyokusanya madaftari, huyo mzee alikuwa amepatwa na kila aina ya msiba. Kuna daftari ambamo alikutwa na kofia iliyoumia. Kuna ambamo alivaa kibanda. Katika daftari moja moyo wake ndio ulioibwa, tena kutoka ndani ya kofia, na nilikiri moyoni kwamba hadithi hiyo ilikuwa nzuri kuliko yangu. Lakini kijana mmoja wa nyuma, mpole, aliandika "hat" mara nne, akapiga na mstari chini. Nikampa robo ya maksi, nikamwita mbele. "Kwa nini umeandika neno moja kila mahali?"

"Nimeandika ulivyosema, madam."

Usiku huo nilijifunika shuka mbili nikajirekodi kwa simu. Niliyasema yote manne kwa unyenyekevu mkubwa. Simu ikanirudishia "hat", "hat", "hat", "hat". Kesho yake nilimwongezea maksi zilizobaki bila kutoa maelezo, na yeye, kwa heshima za watoto wa kule, hakuyaomba.

Jumamosi niliteremka Masasi kutoa hela na kutoa fotokopi. Njia nzima nilikuwa namfikiria Askofu Edward Steere, Mwingereza aliyefika Masasi mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akitokea Zanzibar. Miaka sita kabla ya hapo alikuwa amechapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili. Ni msomi huyo, lakini sidhani kama "ng'ombe" ilimtoka salama siku ya kwanza. Nilijifariji hivyo hadi Masasi, nikaitazama ile milima yake ya mawe iliyosimama mmoja mmoja kama walimu wa zamu, nikanunua sweta ya mtumba, nikarudi juu.

Msimu ule mikorosho ilikuwa inapulizwa salfa, na madaftari yenyewe yalikuwa yananuka salfa. Nilitoa insha ya "Likizo Yangu". Kijana mmoja akaeleza, kwa Kiingereza alichokichagua mwenyewe, kwamba baba yake anaamka alfajiri na kuipuliza mikorosho hadi jioni, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anavyopuliza chai. Nilimpa neno sahihi. Akaliangalia kwa mashaka.

Tatizo kubwa zaidi lilianzia kwenye bibo. Kitabu kinasema Waingereza wanaliita "epo" la korosho. Darasani hakuna aliyewahi kuona epo lenyewe isipokuwa kwenye picha, na picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Msichana mmoja akafikiri, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, madam, yule Newton aliangukiwa na bibo?" Nikasema hapana, hadithi inasema ni epo la kawaida. "Afadhali," akasema, akakaa. "Bibo lingemuumiza. Lina korosho chini." Hilo sikuwa nalo kwenye andalio la somo.

Kisha zikaja habari kwamba msimamizi kutoka chuoni ameshaonekana Masasi. Wenzangu wa fildi tulitumiana ujumbe kama watu wanaotoroka mafuriko. Mimi nikafanya jambo ambalo sijivunii: nikachagua somo moja, vitenzi vya wakati uliopita, nikalifundisha kidato cha pili Jumatatu. Jumanne nikalifundisha tena. Jumatano tena, pamoja na utani ule ule mahali pale pale, na wakawa wanacheka kabla sijafika.

Alhamisi msimamizi akaketi nyuma na fomu zake. Nikauliza wakati uliopita wa "go". Mikono arobaini ikapaa kabla sijafunga mdomo. Nikamchagua msichana wa Newton, akasimama kwa kujiamini, akajibu "bought", ambalo ni jibu la swali la tatu. Darasa zima likamgeukia kwa hasira: "Hilo bado!"

Msimamizi aliandika kwa muda mrefu. Baadaye, chini ya mwembe, alinisifu kwamba wanafunzi wangu wamechangamka sana, akanipa alama ambazo sikustahili, akamalizia kwa Kiingereza kwamba mwalimu bora hufundisha kutoka moyoni. Nilimsikia vizuri. Alisema "hat".

Nikamsindikiza hadi kwenye gari nikiwa nimeuma midomo. Niliporudi, yule kijana wa robo ya maksi alikuwa ananisubiri mlangoni, mikono nyuma.

"Madam, samahani. Kesho tunaendelea mbele, au tunarudia tena?"