Iliyofutwa Siyo

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa karibu kufunga kazi akalale. Kilichobaki kilionekana kidogo. Kampuni hiyo, inayowatunzia waandishi wa programu misimbo yao, ilikuwa na seva mbili za hifadhidata: moja kuu, iliyohudumia watu, na nyingine ya akiba, iliyopaswa kunakili kila kinachoandikwa kwenye ile kuu. Majina yake yalitofautiana kwa tarakimu moja tu: db1 na db2.

Jioni ile watumaji wa taka walikuwa wameishambulia tovuti, db1 ikaelemewa, db2 ikaachwa nyuma. Seva kuu huandika kila badiliko kwenye logi. Ya akiba huisoma logi hiyo na kurudia yaleyale. Lakini seva kuu haizitunzi logi milele. Ikizifuta kabla mwenzake hajazisoma, basi tena: ya akiba husafishwa yote, inakiliwe upya kuanzia mwanzo.

Fundi akaisafisha db2, akaamuru unakili uanze. Programu ikanyamaza. Haikuonyesha kosa, haikuonyesha asilimia, haikusema hata "subiri". Kumbe ilikuwa ikiingoja kwa adabu seva kuu ianze kutuma data. Ukimya huo ulikuwa wa kawaida kabisa, ila hakuna mwongozo uliokuwa umeutaja. Yeye akadhani majaribio ya awali yameacha masalia kwenye folda. Akaandika amri ya kufuta folda nzima, akabonyeza.

Ndipo alipoangalia jina la seva. Ilikuwa db1.

Aliikata amri ile ndani ya sekunde moja au mbili. Seva ambayo jioni nzima ilikuwa ikisuasua, safari hii ilichapa kazi: kati ya gigabaiti 300 hivi, zilibaki 4.5. Db2 nayo ilikuwa tupu, maana ndiyo kwanza ametoka kuisafisha. Kwa mara ya kwanza usiku ule, seva hizo mbili zikakaribia kulingana.

Si neno, nakala rudufu zipo. Wakafungua ghala la Amazon S3 zilikotakiwa kuwekwa, wakaambulia patupu. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya PostgreSQL toleo la 9.2, hifadhidata yenyewe 9.6, na wawili hao hawakuwa wakielewana. Kazi iliposhindikana, mfumo ulituma baruapepe kutoa taarifa, kama inavyotakiwa. Baruapepe zenyewe zilikataliwa mlangoni kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Na nakala za diski huko Azure, zilikokaa seva zenyewe, je? Zilikuwa zimewashwa, naam, kwa seva za mafaili. Seva za hifadhidata hazikuwamo.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa sita kabla ya balaa, fundi yuleyule alikuwa amechukua nakala kwa mkono ili akajaribie kazi nyingine kabisa. Ilikuwa kwenye seva za majaribio zenye diski za pole pole, hivyo kuirudisha kulichukua kama saa 18. Kampuni haikujificha: ilifungua matangazo ya moja kwa moja YouTube, na maelfu ya watu wakakaa kutazama data ikinakiliwa. Misimbo ilisalimika, lakini kumbukumbu za miradi 5,000 hivi, maoni 5,000 hivi na akaunti kama 700 zikapotea. Katika mapendekezo yaliyoandikwa palepale, moja lilikuwa kutia rangi dirisha la amri: nyekundu kwa seva za kazi halisi, njano kwa za majaribio. Wazo zuri, isipokuwa db1 na db2 zote zingekuwa nyekundu.

Atakayesema dawa ni kumwondoa binadamu asikilize ya GitHub, kampuni nyingine ya kutunza misimbo. Wao usimamizi wa hifadhidata walikuwa wameukabidhi kwa programu iitwayo Orchestrator. Tarehe 21 Oktoba 2018, kifaa cha mtandao kilichochoka kilikuwa kikibadilishwa mashariki ya Marekani, mawasiliano yakakatika kwa sekunde 43. Orchestrator ikaona seva kuu ya mashariki haipatikani, ikaitawaza ya magharibi, kama ilivyofundishwa. Mtandao uliporudi, mashariki kulikuwa na maandishi ambayo hayakuwahi kuvuka, na magharibi kulikuwa na mapya ambayo mashariki haiyajui.

Chukua duka la Mangi lenye madaftari mawili ya madeni, moja lake na jingine la mkewe, na wateja wamekopa kwa wote wawili bila wenyewe kuonana. Jioni hakuna daftari la kuchana.

Sekunde 43 zikazaa saa 24 na dakika 11 za huduma ya kuchechemea, kwa sababu kampuni iliamua ni heri watu wangoje kuliko data ipotee. Katika mojawapo ya makundi ya seva yenye shughuli nyingi, maandishi yaliyokwama mashariki yalihesabiwa: 954. Sehemu yake iliweza kupatanishwa na kompyuta. Kwa yaliyobaki, kampuni ilieleza, itabidi wenyewe watafutwe. Mfumo uliojengwa ili mtu asiamshwe usiku ukaishia kuwatuma watu kuwauliza wenzao: samahani, hili ulilolibadilisha Jumapili, bado unalitaka?