Chatu Katika Ghala la Mjomba

Saa mbili asubuhi, kabla mkulima hata mmoja hajabisha hodi, kompyuta yangu ilikuwa imekwisha kununua gunia la mahindi. Muuzaji hayupo, gunia halipo, mizani bado imefunikwa turubai. Lakini kwenye dirisha la programu imeandikwa wazi: Jumla, gunia 1.

"Umenunua kwa nani?" mjomba akauliza, kajikunja ndani ya koti lake. Ilikuwa Julai, na Julai ya kijijini kwake Mwazye si ya kutaniwa.

"Ni hitilafu ndogo, mjomba."

"Kilo 100 ni ndogo?"

Nilikuja kwake likizo na ahadi kubwa. Lile daftari lake la manunuzi, lenye madoa ya chai na hesabu anazozisoma yeye peke yake, lingepumzika. Ningemtengenezea programu yenye dirisha na vitufe, na kila mkulima angebonyeza mwenyewe baada ya kuuona uzito, asije akasema ameibiwa. Nikamwambia nitaiandika kwa Python. Akataka maana ya neno. Nikasema ni chatu. (Kusema kweli Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa lugha hiyo mwaka 1991, aliwafikiria wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Lakini jaribu kumweleza hayo mtu anayehesabu magunia.) Mjomba akatazama kitu nilichoshika mkononi.

"Na hicho?"

"Kipanya."

"Panya ninao wa kutosha. Ungeleta paka."

Programu nilizojifunzia zilikuwa kama maporomoko ya Kalambo: maji yakishafika ukingoni yanashuka zaidi ya mita 200 bila kumuuliza mtu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa mwisho, kwisha. Programu ya dirisha haina tabia hiyo. Inakaa sebuleni kama mwenye nyumba, inasikiliza hodi. Kitufe kikibonyezwa, hodi. Herufi ikigongwa, hodi. Hata maandishi ya kwenye dirisha yakitaka kuchorwa upya, hodi. Hodi zote zinapanga foleni, na mzunguko mmoja usiochoka unazipokea moja moja. Zana niliyotumia, Tkinter, imesimama juu ya Tk, ambayo John Ousterhout aliianza kule Berkeley, California, mwishoni mwa miaka ya 1980. Imetumika miaka yote hiyo, kwa hiyo kisingizio cha kwamba zana ni mbovu sikuwa nacho.

Lile gunia la asubuhi lililetwa na mabano. Kitufe hupewa jina la kazi, ili kikibonyezwa ndipo kiiite. Mimi mwisho wa jina nikabandika mabano mawili, na mabano hayo ndiyo wito wenyewe. Kitufe hakijachorwa, kazi imekwisha kuitwa. Ni kama kujibishia hodi, kujikaribisha, na kujiuzia gunia.

Nikayafuta. Saa tatu tukagundua kwamba vitufe vyote vinne, cha mahindi, cha maharage, cha ulezi na cha alizeti, vinaandika alizeti. Nilivitengeneza kwa mkupuo mmoja, na badala ya kukikabidhi kila kimoja zao lake, nilikiagiza kiulize wakati wa kubonyezwa ni zao gani limetajwa mwisho. La mwisho lilikuwa alizeti. Kwa dakika arobaini hivi mjomba alikuwa mnunuzi mkubwa wa alizeti huku ghala likinuka maharage.

Hayo yalikuwa ya kucheka. Saa nne akaja mzee mmoja wa jirani na gunia lake moja.

Nilikuwa nimeweka usingizi wa sekunde 4 baada ya kila gunia, mjomba apate nafasi ya kulishusha kwenye mizani. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa adabu, niliagiza dirisha liandike kwanza, "Tafadhali subiri." Mzee akabonyeza. Kimya. Hakuna subiri, hakuna asante. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kisha akashika mwendo kama mtu anayetwanga.

Nilichosahau ni kwamba kuchora yale maneno nako ni hodi, na mwenye nyumba nimemlaza. "Tafadhali subiri" yenyewe ilikuwa inasubiri nje, kwenye foleni, pamoja na vidole vya mzee. Mwenye nyumba akizinduka anapokea bonyezo moja, anaandika gunia, analala tena sekunde 4. Anazinduka, gunia, analala. Baada ya nusu dakika na ushei, jumla ya mzee ikaruka kutoka 0 hadi 9.

"Marahaba," mzee akaiitikia kompyuta, ambayo haikuwa imemwamkia. "Nimeleta moja, yamezaliana njiani."

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Lumbesa ameziona za kila aina, akasema, ila lumbesa ya kompyuta ndiyo ya kwanza. Kisha akafungua daftari, akaandika 1, akanigeukia. "Sasa hiyo nayo, kwa nini inalala?"

Nikamweleza: inangoja muda upite.

"Wewe ukifukia majani kwenye tuta la ntumba, unasimama juu yake mpaka yaoze?"

Nilikaa kimya. Kwa nini sikuwahi kufundishwa hivyo? Unafukia, unakwenda kulima kwingine, siku ikifika unarudi. Tkinter inayo amri ya namna hiyo hasa: niite baada ya sekunde 4, kwa sasa naendelea kupokea wageni. Jioni, huku betri ya sola ikielekea kuisha, nikaung'oa usingizi na kuiweka amri hiyo, na kitufe nikakifunga kwa sekunde zile ili kisipokee vidole.

Kesho yake mzee akarudi na gunia la pili, la kweli. Akabonyeza mara moja. "Tafadhali subiri" ikatokea palepale, maandishi makubwa mekundu. Mzee akaisoma polepole, akaenda kuketi juu ya gunia lake. Sekunde 4 zikapita, maneno yakafutika, jumla ikaandika 1, kitufe kikafunguka. Wakaja wengine, wakapima, wakalipwa, wakaondoka. Mjomba akaleta chai, mzee akanywa akiwa palepale.

Karibu saa sita nikamfuata. "Babu, yako ilikwisha tangu asubuhi."

"Iliniambia nisubiri," akasema. "Haijaniambia niache."