Ndama wa Mama Mkwe

Mama mkwe alipiga simu asubuhi kutoka Kakuma. "Mwanangu, ndama anakuja na pikapu. Mguu unamuuma, hawezi kutembea na wenzake. Mjomba atamfuata hapo kwenu jioni." Mimi mtu wa Lamu, ukinitajia ndama najua ni mtoto wa ng'ombe, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 iko upande wangu. Nikanunua robota la nyasi, nikafunga kamba kwenye mwarobaini wa uani.

Kutoka Kakuma hadi kwetu Lodwar ni kama kilomita 120. Kabla ya adhuhuri honi ikalia langoni. Aliyeteremshwa alikuwa na miguu mirefu kupita meza yetu ya chakula, shingo ya kuchungulia dirisha la jikoni, na kinundu kinachoanza kuchomoza.

"Huyu si ndama," nikamwambia dereva.

"Kwani ni kuku?" Akatia gia, akaenda zake.

Mke wangu, mzaliwa wa Kakuma, hakuona ajabu yoyote. Kwao ng'ombe ana ndama na ngamia ana ndama, basi. Mimi nikashika msimamo. Kuku ana kifaranga, ndege ana kinda, kondoo ana mwanakondoo, hata jike ambaye hajazaa ana jina lake, mtamba. Wa ngamia ndiye anayeazima. Nadhani ni kosa letu watu wa pwani: ngamia tuliyemzoea ni mtu mzima, yule aliyefungwa macho akazungushwa kwenye kinu cha mafuta ya simsim kule Unguja. Utoto wake ulipitia huku bara, mbali na waandishi wa kamusi.

Wakati tunabishana, mgeni alikataa nyasi. Akaipitia kamba ya nguo, akachagua leso mpya ya mke wangu, doti haijakatwa bado, akaanza kuinyonya pembe. Nikavuta upande huu, naye upande ule. Mwenye miguu minne akashinda.

Jioni mjomba hakuja. Mvua ilinyesha milimani, mto Turkwel ukajaa, naye alikuwa ng'ambo na mifugo yake. Usiku yule mtoto alilia mpaka mbwa wa mtaa wakanyamaza. Binti yetu akalia kwa kumhurumia. Mke wangu akaililia leso.

Kulipokucha nikakumbuka masomo ya chuo cha Kurani. Katika mlango wa zaka, mwenye ngamia 25 hutoa bint makhadh, ngamia jike aliyemaliza mwaka mmoja. Wakifika 36 hutoa bint labun, aliyemaliza miwili. Tulikariri majina hayo Lamu bila kumwona hata mmoja wao. Nikatangaza mbele ya nyumba nzima kwamba huyu ni bint makhadh na mzozo umekwisha.

Jirani yetu Msomali, mwenye duka la vyakula, alikuwa amesimama mlangoni na kopo la maziwa ya mbuzi. Alicheka hadi akamwaga kidogo. "Shehe, hilo jina maana yake nini?"

Nikamweleza nilivyofundishwa: mtoto anaitwa kwa hali ya mamake. Makhadh ni mimba. Akitimiza mwaka, mamake ni wa kubeba mimba nyingine. Labun ni maziwa. Akitimiza miwili, mamake ameshazaa tena na ananyonyesha mdogo wake.

"Basi mamake huyu ana mimba? Huyu ni nirig, wa miezi tu. Yeye mwenyewe ndiye anayenyonyeshwa, nawe unampa majani makavu!"

Tukamnywesha yale maziwa kwa chupa ya soda, binti akiishika kwa mikono miwili. Nusu iliingia tumboni, nusu kwenye shati langu. Tuliendelea hivyo mpaka mto ukashuka na mjomba akavuka na mama mtu mwenyewe, matiti yamejaa. Ngamia hubeba mimba kama miezi 13 na hunyonyesha mwaka na zaidi. Huyu bado alikuwa na haki yake ya kunyonya. Alichechemea moja kwa moja hadi kwa mamake, hakutuaga.

Mama mkwe akapiga simu kuuliza kama ndama amefika salama. Nikamjibu kwamba mtoto wa ngamia amefika. "Ndiyo huyo ndama," akasema, akakata.

Robota la nyasi bado liko uani, linauzwa. Nawe ukiambiwa ndama anakuja kutoka Kakuma, kabla hujatoa hela uliza kwanza: mamake ni nani, na yuko wapi?