Raba Mbili, Namba Mbili

Raba ya kushoto ilikuwa namba 42, ya kulia namba 43. Niligundua hilo nikiwa nimeshafika nyumbani, kwa sababu nilizinunua jioni, kiza kinaingia, muuza mitumba anakunja turubai lake na mimi nina haraka ya kuwa mwanamichezo. Rangi moja, kampuni moja, na kwa maneno ya muuzaji zilikuwa zimevaliwa Ulaya mara moja tu, tena Jumapili. Sikumuuliza kama zilivaliwa na mtu mmoja.

Chanzo cha yote ni daktari. Alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama namba, akatazama tumbo langu, akarudi kwenye namba.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Ya ofisini."

"Na ukitoka ofisini?"

"Nakaa kwenye foleni."

"Na ukitoka kwenye foleni?"

Nikamwambia ukweli: nakaa barazani, nacheza drafti. Hakuniandikia dawa. Aliandika maneno machache tu, kwa mwandiko uliosomeka vizuri, jambo lililonitisha kuliko presha yenyewe: mazoezi, nusu saa kila siku.

Nikadhani kazi itakuwa hiyo nusu saa. Kumbe kazi ni kupata pa kuitumia. Hapa Dar es Salaam neno "viwanja" lina maana tatu: vipande vya ardhi vya kujengea nyumba, mahali pa kuchezea mpira, na baa. Maana ya kwanza inaimeza ya pili kila mwaka, na ya tatu inajengwa juu ya zote mbili. Nilipomwambia mke wangu kwamba daktari ameniagiza niwe nakwenda viwanjani kila jioni, aliniomba cheti akisome mwenyewe.

Mtaani kwetu niliona aibu kuanzia. Watu wamenizoea nikiwa nimekaa. Nikaamua nianze na viwanja vikubwa vya mji, kule ambako hakuna anayenijua.

Kiwanja kikubwa kuliko vyote ni kule Temeke, kwa Mkapa. Tangu ufunguliwe mwaka 2007 uwanja ule unaingiza watu 60,000, na utaratibu wake unaeleweka: 22 wanakimbia, sisi wengine tunakaa. Kwenye kukaa mimi sihitaji mwalimu. Siku ya dabi ya Simba na Yanga nimewahi kuingia pale saa tano asubuhi kusubiri mechi ya saa kumi na moja jioni, nikatoka nimelowa jasho na sauti imekauka bila kupiga hata hatua ishirini. Jirani yake ni Uwanja wa Uhuru, ule ambao usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 ilipandishwa bendera ya Tanganyika huru, na ambao wenyewe wa Dar tunauita Shamba la Bibi. Hata uwanja wenye heshima ya namna hiyo mji haukuweza kuuacha uwe uwanja tu. Ilibidi uwe na shamba ndani yake.

Nikasema basi Jangwani. Pale pana uwazi wa kutosha, katikati ya mji, nafika kwa nauli moja. Ulikuwa mwezi wa Aprili, na anayeijua Dar hapa atakuwa ameshacheka. Jangwani ni bonde la mto Msimbazi, na masika yakikolea mto huwa unarudi kukagua mali yake. Nilikuta maji yametanda, watoto wanapiga mbizi mahali nilipotegemea kukuta goli, na jamaa mmoja mwenye mkokoteni anavusha watu kwa malipo. Alinitazama kuanzia kofia mpaka raba.

"Bosi, unavuka au umekuja kuogelea?"

Aliyepaita Jangwani ama alipita kiangazi, ama alikuwa mtani wa mtu wa huko.

Jumapili iliyofuata nilidamkia Coco Beach. Saa kumi na mbili asubuhi, kusema kweli, pale panapendeza: upepo wa bahari, maji yamekupwa mawe yako wazi, wauza mihogo hawajawasha moto, kwa hiyo kishawishi bado kimelala. Nikalielekea Daraja la Tanzanite. Tangu lifunguliwe mwaka 2022 ndilo uwanja wa mazoezi wa watu wasio na uwanja. Lina kilomita moja na ushee juu ya bahari, na njia ya watembea kwa miguu huku na huku. Nilikimbia mpaka katikati. Hapo kijana mmoja mwenye kamera akanisimamisha kwa heshima zote.

"Mzee, picha yako tayari. Elfu mbili tu."

Picha ya nini? Akanionyesha kwenye kioo cha kamera. Daraja limetoka vizuri, bahari imetoka vizuri, na katikati yupo mtu mdomo wazi, macho yametoka, mkono mmoja umeshika kiuno na mwingine unaonekana kuomba msaada. Nikalipa ili aifute. Akasema kuifuta ni elfu moja zaidi.

Nikiwa narudi Coco ndipo nikamezwa. Mtu hajiungi na klabu ya jogingi ya Dar es Salaam, anamezwa nayo. Kwanza unasikia filimbi, halafu wimbo, halafu barabara nzima inajaa fulana za rangi moja. Zao zilikuwa za bluu. Na mimi nilikuwa nimevaa fulana ya bluu, iliyobaki kwenye kamati ya harusi ya shemeji yangu.

"Baba, usitoke mstarini!" akanifokea mama mmoja mwenye filimbi, mwili mkubwa kuliko wangu na pumzi mara nne.

Nikaingia mstarini. Mbele ukuta wa migongo, kushoto na kulia vijana, nyuma pikapu yenye spika inayotembea mwendo wa miguu yetu. Kila nilipopunguza mwendo pikapu ilipiga honi. Wimbo sikuujua, nikawa naitikia neno la mwisho tu, kama mgeni kwenye maulidi. Tukaiacha bahari, tukavuka barabara kubwa, magari yamesimamishwa kwa ajili yetu (na kwa hilo nakiri nilijisikia mtu), mpaka viwanja vya Leaders, Kinondoni. Nikadhani tumemaliza. Kumbe tulikuwa tumefika kwenye bonanza.

Kulikuwa na kufukuza kuku, kukimbia na magunia, na kuvuta kamba. Nikatafuta mlango. Nahodha akaniwahi. Hakutazama miguu yangu wala umri wangu, alitazama tumbo, akatabasamu kama mtu aliyeokota pesa.

"Huyu mzee akae nyuma kabisa! Huyu ndiye nanga!"

Jamani, kwa miaka mingi kitambi hiki kimesemwa. Kimesemwa na daktari, kimesemwa na mke wangu, kimesemwa na fundi cherehani. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kilihitajika. Nikajifunga kamba kiunoni, nikakita visigino. Filimbi ikalia. Kwa muda fulani hatukusogea, na nilisikia watu wanaimba "Nanga! Nanga!" wakimaanisha mimi. Halafu raba namba 43, ambayo nilikuwa nimeijaza gazeti kwa ndani ili initoshe, ikabaki palepale kwenye majani kwa ushujaa mkubwa, na mguu ukatoka. Nanga ikang'oka. Watu tisa walinifuata kwa mgongo.

Hawakunilaumu. Wakanipa supu ya mbuzi na chapati tatu. Nilipokuwa namalizia ya tatu akaja mweka hazina na daftari, akalipekua kurasa mbili, akatikisa kichwa.

"Mzee, jina lako silioni. Ina maana ada hujalipa tangu Januari."

Kumweleza kwamba mimi si mwanachama, supu yao ikiwa bado mdomoni, sikuweza. Nikalipa ya miezi mitatu, nikaahidi iliyobaki. Kwa uaminifu huo wakanichagua palepale mjumbe wa kamati ya maafa. Mpaka leo napigiwa simu za michango ya misiba ya watu nisiowafahamu, na nachanga.

Nikaona mambo ya watu wengi hayanifai, nikaingia jimu ya mtaa wa pili. Vyuma vyake si vyuma hasa: ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, bomba likapitishwa katikati. Vinafanya kazi, nina ushahidi wa mgongo. Shida ni kwamba mlango wa jimu unatazamana na banda la chipsi, na Dar es Salaam chipsi mayai nazo tunaziita zege. Kwa wiki mbili mke wangu aliniuliza kila jioni nimefanya nini, nami nikajibu bila kusema uongo hata kidogo: "Nimepiga zege."

Mwisho wa mwezi mizani ikasema ni zege lipi.

Ndipo nikarudi mtaani kwetu, nilikokukimbia. Uwanja wetu naujua tangu nacheza chandimu. Wakati huo ulikuwa na magoli mawili na mwembe. Sasa upande mmoja wanaoshea magari, upande wa pili fundi seremala anaanika vitanda, na chini ya mwembe mama mmoja anauza supu na chapati. Kona ya upande huo inapigwa kwa idhini yake. Lakini katikati mpira bado unachezwa, na ulio mkali. Nilikuwa nimezunguka mara mbili, pole pole, kijana mwenye ndevu zake kamili aliponijia mbio.

"Shikamoo mzee."

Marahaba iliniuma, ila nikaitoa.

"Tuna mechi na mtaa wa juu na kibendera hajaja. Tusaidie, mzee. Utakuwa unatembea tu pembeni."

Kutembea pembeni ndiyo hasa aliyoandika daktari. Wakanipa ufito uliofungwa kipande cha kanga. Mstari ulikuwa wa majivu kutoka jiko la mama wa supu, na mpaka kipindi cha pili upepo ulikuwa umeubeba wote, hivyo mstari ukawa ni pale waliposimama watazamaji, nao walikuwa wanasogea. Kuotea nakujua vizuri sana nikiwa nimekaa. Nimekugombania kwenye vibanda umiza kwa miaka. Nikiwa nimesimama, huku watu thelathini wananielekeza kila mmoja kwa sauti yake, niliamua kutoinua kibendera kabisa. Mambo yakaenda salama mpaka dakika ya mwisho.

Mtaa wa juu wakatupa mpira mrefu. Mshambuliaji wao akaukimbilia, nami nikakimbia sambamba naye, na namba 43 ikateleza. Mtu akiteleza hutupa mikono juu. Mkono mmoja ulikuwa na kibendera.

Refa akapuliza. Goli lilikuwa limeshaingia.

Pakatulia kidogo, kama maziwa yanavyotulia kabla hayajaumukia moto. Halafu mtu mmoja akasema, bila hata kupaza sauti, "Huyu mzee amehongwa," na mtaa wa juu wote ukageuka.

Sijui niliamua lini kukimbia. Nakumbuka povu la waosha magari. Nakumbuka kitanda cha tano kwa sita, ambacho fundi anaapa nilikiruka chote na mto wake, na mama wa supu akisema, "Kumbe baba anaweza!" Kwenye mtaro nikasikia mguu wa kulia umekuwa mwepesi. Sikugeuka. Nilifika kwetu, nikapitiliza, nikazunguka msikiti, nikaingilia mlango wa uani.

Mke wangu alitazama saa. "Leo umemaliza mapema," akasema.

Siku tatu nilicheza drafti ndani. Siku ya nne, nikiwa nimevaa malapa, nikaenda kukitafuta kiatu changu, maana na ile 42 peke yake nitaifanyia nini? Kwenye mtaro hakikuwepo. Nilikikuta kichochoro cha pili, chenye upana wa bajaji moja, watoto saba wanacheza chandimu kwa mpira wa makaratasi. Upande wa mbali goli lilikuwa mawe mawili. Upande wa karibu nguzo moja ilikuwa kopo la mafuta, na ya pili namba 43, bado na gazeti langu ndani.

"Wanangu, hicho kiatu ni changu."

Mlinda mlango, wa miaka kama minane hivi, hakunigeukia. "Subiri, babu. Tuko mbili mbili."

Nikakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya watu, nikasubiri. Haikupita muda, binti mmoja mdogo mwenye mguu wa kushoto wa hatari akaachia shuti la chini. Mpira ukapita juu ya raba yangu hasa: si ndani, si nje, juu ya kamba za viatu. Nusu yao wakashangilia. Nusu wakashika vichwa. Kelele zikapanda, mawe yakaokotwa kwa kutishana, madirisha yakafunguka, halafu mlinda mlango akanyoosha kidole kwangu.

"Tumuulize mwenye goli! Babu, limeingia au halijaingia?"

Wote saba wakanyamaza, wakanitazama. Nikavaa malapa yangu vizuri, nikaangalia kichochoro kinatokea wapi.