Heko, Kundi la Ofisi

Anayedai kundi la WhatsApp la ofisini linapoteza muda hajui kazi. Tangu 2022 kundi moja hubeba hadi watu 1,024, zaidi ya mara mbili ya wabunge wote wa Dodoma, na huku hakuna Spika wa kumkatisha mtu. Bosi akiuliza saa nne usiku, "Ripoti iko wapi?", papo hapo anavuna "Amina", maua na pole za mgonjwa aliyepona juzi. Umoja ulioje! Tiki za bluu zinathibitisha wote wamesoma. Mnataka na ripoti iandikwe? Tafadhali, mwenye faili la bajeti alitume tena. Limefukiwa na orodha ya michango ya harusi.