Baghala wa Arizona: Barua kwa Jamaa wa Gazi

Baghala huzaliwa punda dume anapompanda farasi jike. Farasi dume akimpanda punda jike mtoto huzaliwa pia, lakini huyo huwa mdogo wa umbo na wafugaji hawamhangaikii. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, na baghala huangukia 63, hesabu isiyogawanyika sawasawa. Ndiyo maana karibu kila baghala ni tasa. Anayetaka wa pili huanza upya: atafute punda, atafute farasi, asubiri mimba ya miezi 11 hivi. Waliosoma chuoni Gazi wanamjua mnyama huyu bila kumtia machoni, maana Surat An-Nahl inamtaja pamoja na farasi na punda kuwa vipando na pambo, na Duldul, baghala wa Mtume (S.A.W.), alikuwa zawadi ya Muqawqis, mtawala wa Misri. Ambalo halikusomwa chuoni ni kwamba mnyama huyo yupo Marekani, ana kazi ya kudumu, na mojawapo ya kazi zake ni kupeleka barua za posta.

Habari hiyo haipokeleki kirahisi barazani. Marekani ni nchi ya roketi, na anayesema kinyume hudhaniwa amekwama mahali pengine na anaficha. Lakini kijiji cha Supai, cha watu wa kabila la Havasupai katika jimbo la Arizona, kiko ndani ya korongo lililo tawi la Grand Canyon, na gari halifiki. Barua na vyakula hupitia posta ya Peach Springs, yenye chumba kizima cha baridi kwa ajili ya nyama na maziwa ya watu wa bondeni. Kutoka hapo mizigo hupelekwa kwa lori mpaka Hualapai Hilltop, ukingoni mwa korongo, na hapo injini hukoma. Kilomita 13 zilizobaki ni za kwato. Barua inayotoka Supai hupigwa muhuri wake maalumu wa msafara wa baghala, ikapanda mlima, ikapanda lori, ikapanda ndege, ikavuka Likoni kwa feri, na ikichelewa kufika Gazi si lazima baghala awe ndiye aliyeichelewesha.

Mnyama huyu hakuwa na umaarufu Marekani mpaka George Washington alipompenda. Mwaka 1785 mfalme wa Uhispania alimpelekea punda dume, aliyepewa jina Royal Gift, ili azalishe baghala shambani kwake Mount Vernon. Mheshimiwa huyo alifika, akala, akawatazama farasi jike wa rais wa baadaye, na hakuonyesha haja yoyote. Washington aliutania ubaridi huo katika barua zake kwa marafiki. Hatimaye punda alikubali kazi, na Washington alipofariki mwaka 1799 alikuwa na baghala zaidi ya 50. Karne iliyofuata baghala walilima pamba, wakavuta mashua za mifereji, wakashuka migodini. Trekta liliwapunguza sana, lakini sheria ikawaokoa: Sheria ya Nyika ya mwaka 1964 inakataza injini katika maeneo makubwa ya misitu na milima iliyohifadhiwa. Hata msumeno wa mota hauruhusiwi huko. Daraja la njia ya miguu likibomoka, mbao na misumari hupelekwa mgongoni mwa mnyama, na Idara ya Misitu ina baghala wake wa serikali, maarufu wakiwa wale wa kituo cha Ninemile huko Montana.

Mtu wa Pwani anayepata kibarua katika zizi la baghala kama hao hupata taabu ya kuieleza kazi yenyewe kwa simu. Humwambia mama yuko kwenye uchukuzi. Kufikia sala ya adhuhuri Gazi nzima imeshajua ana lori. Picha ikitumwa, shangazi ndiye huuliza kwa niaba ya wote kama mtu alipanda ndege mbili kwenda kuchunga punda, kazi ambayo Lamu angeipata kwa nauli ya basi. Jibu la kitaalamu, kwamba baghala si punda, halijawahi kumridhisha shangazi yeyote.

Tofauti ipo hata hivyo, na ndiyo msingi wa mafunzo yote. Farasi hutii kwanza akafikiri baadaye. Baghala hufikiri kwanza, na huenda asitii hata baadaye. Akifika penye daraja bovu husimama, na viboko havimsogezi, kwa kuwa ameshapiga hesabu ya daraja na hesabu ya viboko akaona viboko ni nafuu. Watu huita hilo ukaidi. Wanaolala milimani naye huliita bima. Akizidishiwa kazi hugoma kabla hajafa, ambapo farasi mwema anaweza kukimbizwa mpaka aanguke. Kwa kawaida hata pipa la nafaka likiachwa wazi baghala hula akashiba akaacha, ilhali farasi hula mpaka tumbo limsokote. Kwato zake ni nyembamba na ngumu, ngozi yake haichubuki upesi, na akitunzwa hufanya kazi hadi kupita umri wa miaka 25. Ubaya wake ni kwamba hasahau. Aliyempiga bila sababu mwezi wa Ramadhani ajihadhari mpaka Ramadhani ijayo, tena asisimame ubavuni akidhani mateke hutoka nyuma tu: mguu wa nyuma wa baghala hufika mbele, pembeni, na mahali alipowekewa mtu sahani.

Mafunzo huanza utotoni kwa kumshika. Mtoto wa baghala hupapaswa masikio, miguu na tumbo kila siku hadi mkono wa mtu uwe jambo la kawaida, hasa masikio, kwa kuwa asiyekubali kuguswa masikio hatavikwa hatamu bila vita. Kisha huja kamba. Mfundishaji huivuta kidogo tu na kungoja. Mnyama akipiga hatua moja, hata ya bahati, kamba hulegezwa papo hapo, na kulegezewa huko ndiko malipo yake. Ugumu wote uko hapo: anayechelewa kulegeza huwa amemfundisha kuvutana, na katika kuvutana mwenye kilo 400 hashindwi na mwenye 70. Vijana waliozoea punda wa kwenda kwa fimbo huona huu ni ubembelezi. Wiki ya pili hubembeleza.

Baada ya hapo huzoeshwa vituko. Turubai hupeperushwa mbele yake, ndoo hugongwa, mwavuli hufunguliwa ghafla. Akiwa na miaka mitatu hivi huwekwa tandiko tupu, lenye mkanda wa kifuani na mwingine mpana unaopita nyuma ya mapaja. Huu wa nyuma haukwepeki, kwa sababu mabega ya baghala ni bapa na akiteremka mlima bila mkanda huo tandiko humtelezea shingoni. Karibu kila baghala huuchukia siku ya kwanza na kurusha mateke. Huachwa azunguke uani nao mpaka achoke kuuchukia. Mzigo mwepesi hufuata, kisha safari fupi nyuma ya mkongwe mwenye adabu. Mzigo kamili na mpandaji huongezwa akikaribia miaka minne, mifupa ikishapata nguvu.

Msaidizi mkubwa wa mwalimu ni farasi jike mtu mzima. Baghala, aliyenyonyeshwa na mama wa aina hiyo, humpenda mno farasi jike na kumfuata popote. Wachukuzi wa milimani humvisha farasi huyo kengele, humfunga usiku karibu na hema, na kuwaacha baghala kumi wazurure malishoni bila kamba. Alfajiri wote huwa wapo.

Kupakia ni elimu nyingine, na ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu mwenye kamba nyingi. Baghala mmoja hubeba kilo 70 hivi, zilizogawanywa kwenye shogi mbili, moja kila upande, na pande hizo lazima zilingane. Mwenye kujua mzega na madebe mawili ya maji anaelewa mara moja kinachotokea upande mmoja ukizidi. Fundi huinua shogi moja kwa kila mkono, akafumba macho, kisha huzitundika kwenye mizani ya ndoano kuhakikisha. Zikitofautiana hata kilo moja na nusu, huhamisha: kopo la maharagwe kutoka hapa, mkebe wa kahawa kwenda pale. Kukikosekana cha kuhamisha, huokota jiwe na kulitia upande mwepesi. Kwa hiyo liko jiwe la Arizona linalosafirishwa kwa gharama kutoka kwenye mawe kwenda kwenye mawe mengine, na halina mtumaji wala mpokeaji.

Bidhaa zisizoingia kwenye shogi hufungwa ndani ya turubai nene la mraba, pembe zikakunjwa ndani ili mvua isipenye, kisha kamba moja huzungushwa juu ya mzigo wote na chini ya tumbo kwa namna inayochora umbo la almasi katikati. Mabaharia wa Gazi wangelijua fundo hilo kwa siku moja. Lisilowezekana kujulikana baharini ni hila ya pumzi: mkanda wa tumboni ukikazwa, baghala hujaza hewa na kutulia, uso umejaa ucha Mungu. Msafara ukianza tu huishusha pumzi hiyo, mkanda ukalegea, na mzigo ukahamia tumboni. Mchukuzi mzoefu hukaza mara moja, huenda akanywa kahawa bila haraka, akarudi kukaza tena wakati mnyama hakutarajia. Kutoka baghala mmoja hadi mwingine kamba hupitishwa kwenye kitanzi chembamba cha uzi dhaifu, kilichowekwa makusudi kikatike, ili mmoja akiteleza gengeni asiwavute wenzake kumi.

Kumpanda ni rahisi kuliko kumpakia, kwa kuwa mzigo unaopiga kelele hujilinganisha wenyewe. Pahali pa kuonea ni Grand Canyon, ambako watalii hushuka kwa baghala kupitia njia ya Bright Angel, zaidi ya mita 1,300 chini, mpaka kambi ya wageni ya Phantom Ranch, iliyojengwa mwaka 1922 kwa michoro ya msanifu Mary Colter. Masharti yake ni makali kuliko ya viza. Mpandaji hupimwa uzito akiwa amevaa nguo zote na asizidi pauni 200, yaani kilo 90 hivi, na wapo waliovuka bahari wakaangushwa na pilau ya harusi. Lazima pia aelewe Kiingereza vizuri, maagizo ya kiongozi yasihitaji mkalimani penye kona. Baghala hupenda kutembea ukingoni kabisa, upande wa shimo, na msafara unapopumzika hugeuzwa kichwa kielekee bondeni, kwa kuwa anachokiona hatakikanyaga, na kurudi nyuma huwa ni kuingia njiani. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajamsaidia mtalii yeyote ambaye magoti yake yanaelea juu ya Mto Colorado.

Ufundi huu una hata sherehe yake: mji wa Bishop, California, umekuwa ukifanya tamasha la baghala kila mwisho wa Mei tangu 1969. Kuna gwaride lisilo na gari hata moja na mashindano ya kupakia, ambapo wanaume wazima hukimbizana na saa kufunga magodoro na meko juu ya mnyama ambaye hana haraka yoyote.

Swali linalobaki la jamaa wa Gazi ni kama baghala mmoja anaweza kuletwa kwao Kwale. Joto si tatizo, wala maji. Tatizo ni mbung'o, ambaye bado yupo kwenye vichaka vya Shimba Hills na hueneza ugonjwa wa nagana. Jaribio kubwa lilishafanywa: Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyofika hadi Gazi mwaka 1914, vilileta Afrika Mashariki farasi na baghala kwa maelfu, na nagana na maradhi mengine yakawamaliza. Mizigo yao ikahamishiwa vichwani mwa Waafrika waliokusanywa kwa nguvu katika Kikosi cha Wachukuzi, kilichoziachia jina Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi, na wachukuzi hao nao walikufa kwa makumi ya maelfu. Siku hizi watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE wamejaribu huko huko Kwale kola za ng'ombe zenye harufu iliyoigwa ya kuro, mnyama ambaye mbung'o humwepuka, kwa hiyo baghala wa Gazi angeweza kuishi akinuka kama kuro. Imebaki bei. Aliyefundishwa vizuri huuzwa Marekani kwa maelfu ya dola, na wengine hupita 10,000, fedha ambazo Msambweni hununua bodaboda kadhaa zikabakia za petroli. Bodaboda nayo hubeba magodoro na meko, na hata ikizidishiwa mzigo haisimami njiani kuufikiria.