Uainishaji wa Awali wa Wajumbe wa Umoja wa Mataifa wa Kuigiza

Wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki wamekuwa wakikutana Gigiri, Nairobi, kwenye kumbi za Umoja wa Mataifa wenyewe, kuigiza mabalozi. Wanaosifia zoezi hili, kwamba linafunza diplomasia na kusikilizana, ni wengi. Aliyekaa akawapanga wajumbe kwa spishi hatujamwona, na pengo hilo ndilo tunaloziba.

Anayeonekana upesi ni Mngurumaji. Hutambulika kwa tai iliyomkaba na kibao cha jina la nchi kinachopanda kabla mwenyekiti hajamaliza kusema. Hulaani. Asiposikilizwa, hulaani vikali. Kwa kuwa kanuni zinamkataza mjumbe kusema “mimi”, husikika akitangaza kwa heshima zote: “Mjumbe wa Denmark anaomba kwenda msalani.” Mchango wake kwa amani ya dunia ungali unachunguzwa.

Binamu yake, Bingwa wa Hoja ya Utaratibu, hatutampotezea wino.

Adimu kuliko wote, na kwa maoni yetu ndiye pekee anayestahili kulipiwa nauli, ni Mbeba Rasimu. Huyu hapatikani jukwaani. Mtafute koridoni, wakati wa chai, karatasi mkononi na kalamu sikioni. Baraza la Usalama lina wajumbe 15, na azimio linataka kura 9 pasipo turufu ya yeyote kati ya wale 5 wa kudumu. Anahesabu kwa vidole: ana 7. Anamfuata mjumbe aliyemnunia tangu asubuhi, anamwuliza ni neno gani hasa linalomkera. “Linalaani”? Analikata, anaandika “linasikitishwa na”. Kura ya 8 hiyo. Mara nyingi amepangiwa nchi ambayo msimamo wake hawezi kuutetea mbele ya mama yake, na nadhani ndiyo sababu hasikii uchungu kulegeza neno.

Anabaki Mwenye Turufu. Ni wa kidato cha pili, kaangukiwa na China kwenye kura ya kupangiwa nchi. Asubuhi alikuwa mpole. Kufika saa nane mchana ameshaua maazimio mawili na hasalimii mtu. Tusilaumu malezi; hata wakubwa wana tabia hiyo. Mwaka 1981, Salim Ahmed Salim wa Tanzania alipowania Ukatibu Mkuu, Marekani ilimzuia yeye, China ikamzuia mpinzani wake, Kurt Waldheim, zikapigwa duru 16 za kura bila mshindi. Wote wawili wakakaa kando, kiti akakipata Javier Pérez de Cuéllar. Wa kidato cha pili, angalau, hulegea zikiletwa sambusa.